Mila Nilizomtungia Ashley

Riyadh, 19 Februari 2017

Kaka Naftali,

Habari za Jeddah na joto lake? Natumaini u mzima, wewe na wale wenzako wa Ruwais, na kile kifua kimeacha kukukohoza. Mimi sijambo. Na usiifute hii meseji ukidhani ni matapeli. Ni mimi kweli, Selipher.

Najua umenitafuta sana. Laini yangu ilikatwa pale walipotaka kila mtu aweke alama za vidole akiwa na ikama, kile kibali cha kuishi huku, mkononi. Ikama sina. Sasa nimepewa simu kuukuu na wifi ya nyumba, na kupiga kwa WhatsApp huku wameziba, kwa hiyo itabidi tuandikiane barua ndefu ndefu kama wazee wa posta.

Kwa yule madam wa kwanza nilitoroka. Usianze kupiga kelele, soma kwanza. Nilikuwa nalala stoo ya viatu, kaka. Nakula watoto wakishashiba. Siku aliyonifungia humo kutwa nzima kwa sababu ya sufuria kuungua, nikasema halas, imetosha. Asubuhi walisahau mlango nikatoka na nguo nilizovaa. Pasipoti ilibaki kwake, na akaenda kuniandikisha kwa polisi kuwa mtoro. Ukiandikwa hivyo, askari yeyote akikuuliza ikama umekwisha. Dada mmoja wa kwetu, Priscilla, anayesafisha nyumba za wazungu, alinificha chini ya viti vya basi lao akaniingiza kwenye hii kampaundi. Ni karibu mwaka sasa, na tangu siku hiyo sijatoka getini hata mara moja.

Nafanya kwa Mmarekani anaitwa Ashley. Mumewe ni injinia wa ile metro wanayochimba Olaya. Hapigi mtu, hatukani, chakula tunakula kile kile. Chumba kina kitanda na dirisha. Lakini dirisha linatazama ukuta, na ukuta una seng'enge juu, na hata yeye Ashley analalamika kwamba hapa ni jela yenye bwawa la kuogelea. Mimi namsikiliza tu. Yeye ana pasipoti yake kwenye droo.

Kazi yake hutaamini. Ni mshairi. Anaandika mashairi ya nyasi, mvua, ndege na wadudu. Kwao Montana alikuwa ameajiriwa na serikali kuhesabu samaki mtoni, ndipo akaanza kuandika. Sasa anatuma mashairi kwa magazeti madogo ya Amerika, nao wanamkatalia, na kila barua ya kukataliwa anaichapisha na kuibandika kwenye friji. Nikifungua friji kuchukua maziwa nasoma jinsi wanavyosikitika. Moja tu lilikubaliwa, la barafu inavyopasuka mtoni. Alicheza jikoni mpaka akavunja glasi. Nikamuuliza wamemlipa nini, akasema nakala mbili za gazeti. Nilikimbilia bafuni kucheka.

Asubuhi analala kifudifudi kwenye nyasi akitazama sisimizi. Nafagia upande huu, nafagia upande ule, nikifika alipo namruka. Wiki iliyopita kandege kenye mashavu meupe kaligonga kioo cha sebule kakafa. Mimi nikachukua kizoleo cha taka. Ashley akalia wee! Halafu akaniuliza, "Selipher, kwenu ndege akifa mnafanya nini?"

Kaka, nilikuwa nimepiga deki tangu alfajiri na huyu mama anaongea bila kituo. Nikamwambia kwetu tunamzika kichwa kikitazama jua linakochomoza, kisha watu wa nyumba hiyo hawasemezani mpaka jioni. Akamzika. Akanyamaza mpaka jioni! Sijapata siku tamu kama hiyo tangu nije Saudia.

Nieleze habari za nyumbani. Valentine anaendeleaje kwa shangazi Magdaline? Bado anamwita shangazi mama? Nataka kurudi kwa mtoto wangu, kaka, hilo ndilo nataka, lakini sioni mlango. Usiandike jina la hii kampaundi popote.

Ni mimi mdogo wako,
Selipher


Jeddah, 23 Februari 2017

Mdogo wangu Selipher,

Bwana asifiwe. Nimesoma barua yako nikiwa lindoni, nikalazimika kuvaa miwani ya jua ili Wapakistani wa hapa wasinione nikitokwa na machozi. Nilikuwa nimeshaanza kukuomboleza, wewe msichana. Mwaka mzima! Sina hasira tena, nimshukuru nani kama si Mungu. Kifua ni kizuri, vumbi la ghala ndilo linanisumbua.

Valentine ni mkubwa. Meno ya mbele yametoka yote. Shangazi anamwita mama, ndiyo, sitakuficha, lakini picha yako iko ukutani na anajua ni nani.

Sasa hiyo habari ya ndege. Selipher! Wewe umelelewa Nakuru mjini, ulikuja Vihiga Krismasi mbili, na zote ulilia unataka chipsi. Mila gani unajua? Mimi niliyechunga ng'ombe wa nyanya nakuambia kwetu ndege akifa paka anashukuru, basi. Usimdanganye huyo mama. Siku moja ataenda kuuliza Mmaragoli mwingine na utaaibika, na sisi sote pamoja nawe.

Lakini nimecheka. Niliwasomea Titus na wenzangu wengine wa hapa, wakasema na wao wanataka hiyo mila kwa mabosi wao.

Kula vizuri. Usitoke getini.

Kaka yako,
Naftali


Riyadh, 24 Machi 2017

Kaka mpendwa,

Shikamoo ya mbali. Huku upepo wa vumbi umekuja, jua limekuwa la njano, na kila ninachofuta kinarudi kuwa kichafu kabla sijageuka. Wewe waendeleaje? Kohoa ukitemea nje, usimeze hilo vumbi.

Unisamehe kukaa kimya. Nimekuwa na shughuli ya kutunga mila.

Usikunje uso. Baada ya yule ndege ikaja mvua ile ya Februari, iliyofurika mpaka magari yakaelea. Kulikuwa na kikapu cha nguo za kupigwa pasi kirefu kama Valentine. Ashley yuko mlangoni amenyoosha mikono mvuani, ananiuliza kwetu mvua ya kwanza hupokewaje. Nikasema, siku ya mvua ya kwanza hatuwashi pasi. Moto na mvua wasikutane nyumba moja. Akarudia maneno yale polepole, akaenda kuandika. Nikakaa zangu kitini.

Halafu kuna yule ndege wa kishungi, hudihudi, anayekuja kutoboa nyasi mchana. Nikamwambia hudihudi akitua uani, watu wa nyumbani hulala chini, asione mtu amesimama juu yake. Basi mchana akitua tu, Ashley ananiita kwa kunong'ona, tunalala zulia la sebule wote wawili, yeye na kalamu yake na mimi na usingizi wangu. Kaka, kwa yule madam wa kwanza sikuwahi kufumba macho mchana.

Sasa sikia. Lile shairi la ndege wa kioo limeshinda tuzo kwao! Limeandikwa kwenye gazeti lenye jalada gumu, na linaanza kwa maneno "Selipher ananifundisha kunyamaza." Mtu wa kuchapisha vitabu amemwandikia anataka kitabu kizima. Barua za kukataliwa zimetolewa kwenye friji. Sasa kila asubuhi ananifuata jikoni na daftari, "Na miti je? Na mchwa? Na mtoto akizaliwa usiku wa mwezi?" Nimemwambia mambo kaka, nyanya angefufuka angenichapa. Nimesema kabla ya kukata mti tunauomba radhi kwa maziwa. Nimesema wajane huongea na mchwa.

Kwanza ilikuwa ni mchezo. Siku hizi nikiamka najiuliza leo nitasema nini. Nikikosa la kusema uso wake unaanguka, anakuwa kama aliyenyimwa chai, na mimi naogopa. Nikimchosha huyu, naenda wapi? Nje ya geti mimi ni mtoro.

Msalimie Titus. Mwambie hiyo ya hudihudi haifanyi kazi kwa Waarabu.

Mdogo wako,
Selipher


Jeddah, 2 Aprili 2017

Selipher mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sote wazima hapa. Leo sina muda wa kukugombeza, ninalo neno la maana, kwa hiyo kaa chini.

Serikali imetoa msamaha. Wote wasio na karatasi, na hata walioandikwa watoro, waende zao kwao bila kufungwa na bila faini. Umesikia? Hata watoro. Ukifika ubalozini kwetu hapo Riyadh wanakupa karatasi ya kusafiria badala ya pasipoti, unakwenda idara ya pasipoti wanachukua vidole, unapanda ndege. Robinson wa Al-Mahjar, yule wa Kitui aliyekuwa amejificha kwa Wasudani, ameshapewa karatasi. Nimemwona kwa macho yangu akilia barabarani.

Lakini una mwisho. Wanasema Ramadhani ikiisha na Idi ikifika, halas. Baada ya hapo watapita nyumba kwa nyumba, na atakayepatikana atafungwa, atapigwa faini, na anayemweka pia.

Mwambie huyo Ashley leo hii. Anakupenda, si ndiyo? Akupeleke na gari la mumewe mpaka ubalozini. Ni safari ya mchana mmoja tu.

Nimeshamwambia shangazi Magdaline atandike kitanda. Samahani, nilishindwa kusubiri.

Kaka yako,
Naftali


Riyadh, 28 Aprili 2017

Kaka,

Hujambo? Mimi mwili hauumwi.

Nilimwambia siku ile ile nilipopata barua yako. Alinikumbatia. Akasema lazima niende, ni haki yangu, mtoto ananingoja. Nikapakia begi. Jioni mumewe akarudi, wakaongea chumbani, na asubuhi akaja jikoni macho yamemvimba. Mumewe anaogopa. Akionekana na mtoro garini ataulizwa amemweka wapi mwaka mzima, na kazi yake ya metro itaharibika. Watatafuta njia nzuri, nisiwe na wasiwasi. Na pia kuna kitabu. Kinatakiwa mwisho wa Mei. "Nisaidie tumalize, Selipher. Bila wewe hakuna kitabu."

Bila mimi! Nikamwambia basi niende peke yangu kwa teksi. Akasema barabarani kuna askari kila kona, watanikamata kabla sijafika ubalozini, na wakinikamata watanirudisha kwa yule madam. Je, ni kweli, kaka? Msamaha unafika mpaka barabarani au unaanzia mlangoni mwa ubalozi? Sijui. Nilitoka mpaka karibu na geti nikaona mlinzi amesimama na karatasi zake. Nikarudi kukaanga mayai.

Kwa hiyo tunamaliza kitabu. Anaamka kabla yangu. Anazunguka bwawa akisoma kwa sauti, anafuta, anasoma tena. Neno moja anaweza kulibeba tangu asubuhi mpaka nimetandika meza. Naona kabisa ni kazi, simcheki tena. Anaweza kukaa na sisimizi mmoja mpaka jua limchome shingo. Mimi nikikaa kimya juu ya jambo langu hanisikii.

Usimwambie shangazi kitu. Acha kitanda kikae hivyo.

Selipher


Jeddah, 5 Mei 2017

Selipher,

Sikuulizi hali, naijua.

Jibu la swali lako ni hili. Nimeuliza watu watatu waliopita, wote wanasema askari wakikukuta njiani unawaambia unaenda ubalozini kwa msamaha, wanakuacha. Si wote wana roho nzuri, lakini hiyo ndiyo amri waliyopewa. Hofu yako amekutia huyo mama.

Nilikwenda kwa kafili wangu, huyu tajiri anayeshika karatasi zangu, kuomba likizo ya siku chache nije Riyadh nikutoe mwenyewe. Amesema mafi, hakuna likizo, Ramadhani ghala linajaa, hakuna anayetoka. Ikama yangu iko kabatini kwake. Unaona sasa, mimi ndiye mwenye karatasi na bado sitoki.

Mimi ningekuwa wewe ningemwambia ukweli. Mwambie mila zote ni uongo. Kitabu kitakufa hapo hapo na hatakuwa na haja nawe tena. Kama hutaki hilo, basi wewe mtunzi wa mila, tunga moja ya kukutoa! Mbona zote unatunga za kulala tu?

Nakasirika lakini si kwako. Niandikie haraka.

Kaka yako,
Naftali


Riyadh, 11 Juni 2017

Kaka Naftali,

Nakusalimu katika huu mfungo usio wangu. Kampaundi nzima wamepunguza sauti, hata watoto wa bwawani. Natumaini unapata maji ya kunywa mahali pa kujificha huko ghalani.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya ulichosema, na nilitaka nikuandikie nikiwa nje. Siko nje.

Kitabu kiliisha. Mei ikaisha, akakituma, tukala keki. Nikasema basi sasa. Akasema mchapishaji anataka shairi moja la kufunga, moja tu, mwisho wa kitabu umebaki wazi. Siku tatu hakulala vizuri. Alichana karatasi zikajaa ndoo. Akanifuata nikikunja mashuka akaniuliza, "Selipher, vitu kwenu huisha vipi?"

Nikakumbuka maneno yako. Nikaacha shuka. Nikamwambia, kwetu mgeni haondoki peke yake. Hata kama umemkasirikia, unatoka naye, unambebea mzigo wake, mnatembea pamoja mpaka njia kuu, na humwachi mpaka umeona amepata wa kumpeleka. Nikamwambia usipomsindikiza, nyumba yako inabaki na mtu ambaye hajaondoka. Hiyo ya mwisho niliongeza mwenyewe. Nilimtazama machoni wakati nasema.

Ashley alilia. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamdondoka kidevuni. Akasema asante, asante. Nikajua nimefika. Nikajua sasa ataita gari.

Alienda kuandika. Alipotoka, jua lilikuwa limeshuka, uso unang'aa. Akanisomea. Ni zuri, Naftali, sitadanganya. Kuna barabara ndani yake, na mwanamke mwenye mzigo kichwani, na nyasi zinazoinama upande anaokwenda. Akamaliza, akafuta macho, akaniuliza kama nimetoa kuku kwenye friza.

Nikasema nimemtoa.

Nimejifungia bafuni naandika. Idi iko karibu. Sijui nifanye nini tena.

Mdogo wako,
Selipher


Jeddah, 12 Juni 2017

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimetoka nje ya ghala nikapiga jiwe teke, kidole kimevimba.

Nikuambie jambo moja. Hiyo ya kusindikiza si uongo. Hukutunga. Umesahau tu kwamba unaijua. Wewe mwenyewe nyanya alikusindikiza mpaka stendi ya Mbale amekubebea ndizi, na goti lake lile bovu, na ulikuwa umemwambia chakula chake hakina chumvi. Kila mtu kwetu anafanya hivyo. Umempa huyo mama kitu cha kweli kabisa.

Sasa sikiliza, hakuna tena kuomba. Titus amehamishiwa Riyadh, anaendesha gari la kampuni ya maji, chupa zile kubwa. Nitumie ramani ya mahali ulipo kwa hiyo simu, jina usiandike. Ijumaa baada ya swala atasimama nje ya geti lenu, upande wa kivulini. Gari jeupe lina picha ya tone la maji. Mwambie Ashley ukitaka, au usimwambie. Toka kwa miguu yako. Mlinzi huangalia wanaoingia, wanaotoka hana habari nao.

Geti tu, Selipher. Pita.

Kaka yako,
Naftali


Riyadh, 17 Juni 2017

Kaka yangu Naftali,

Salamu kutoka ubalozini. Umesoma sawasawa. Tangu jana jioni nimekaa kwenye ukuta mfupi uani, foleni imezunguka jengo mara mbili, wanawake wengi wana watoto mgongoni. Nimepewa namba. Titus ameniachia simu yake ya intaneti akaenda kugawa maji. Nina njaa, nina vumbi mpaka masikioni, na ni mzima wa afya. Kidole chako kimepona?

Nilitaka kutoka kimyakimya lakini nikaona siwezi. Mwaka mzima nimekula naye. Ijumaa asubuhi nikamkuta kwenye nyasi, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia. "Ashley, mila zote nilitunga. Ndege akifa kwetu analiwa na paka. Pasi tunapiga hata kwenye mafuriko. Ya hudihudi nilitunga kwa sababu nilikuwa na usingizi." Nikangoja anipige kelele. Nilitaka anipige kelele. Nilitaka kitabu kife, kama ulivyosema.

Akatabasamu. Akaniambia, "Selipher, najua."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu ile ya pasi. "Hakuna watu duniani wenye mila zinazompendelea mfanyakazi wa nyumbani kiasi hicho." Akacheka, na aliniangalia akitaka nami nicheke. Akasema hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote, kwamba mimi nami ni mshairi, na ameshaandika mbele ya kitabu kuwa alipewa haya na rafiki yake wa Kenya.

Kaka, nilihisi baridi na jua lile lote. Nikamuuliza, "Kama ulijua nimechoka, mbona hukuniambia tu nipumzike?" Akafikiri. Kweli alifikiri, si mtu wa kujibu ovyo. Akasema, "Hukusema umechoka. Ulisema hudihudi."

Nikamuuliza, "Na ile ya kusindikiza?" Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nilielewa ulichokuwa unaniomba. Si uliniona nikilia?"

Alielewa. Alielewa neno kwa neno, Naftali. Mimi siku zote nilidhani hajui, nikamwonea huruma kwa ujinga wake, nikajiona mjanja. Alijua kila mara. Alijua nalala kwa sababu nimechoka, akalala karibu nami na kalamu. Alijua naomba anitoe, akaenda kutafuta neno zuri la barabara.

Sikulia. Nilienda chumbani nikachukua begi. Akanifuata mpaka mlangoni bila viatu, akisema nisubiri mumewe arudi, nisubiri Idi, kutapatikana njia, mimi ni ndugu yake sasa. Hapo akalia tena. Nikafungua mlango. Akaniita, "Selipher, kwenu mtu akiondoka nyumba ya mtu, husema nini?" Na mkono wake, sidhani hata alijua, ulikuwa unapapasa mfukoni unatafuta kalamu.

Yapo tunayosema. Wewe unayajua na mimi nayajua. Nikamwambia hatusemi kitu, nikafunga mlango.

Kutoka pale mpaka getini ni njia fupi, inapita bwawa na uwanja wa tenisi. Niligeuka mara moja. Alikuwa amesimama dirishani. Mlinzi alikuwa kijana wa Nepali, sijui hata jina lake, mwaka mzima namwona kwa mbali. Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, lakini hakuniuliza. Aliangalia begi, akaangalia uso wangu, akatoka kwenye kibanda chake akalibeba. Akatembea nami katika lile jua, naye amefunga, nafikiri, au labda si Mwislamu, mpaka kwenye gari la Titus. Akaliweka ndani, akagonga mlango wa gari mara mbili, akarudi kazini kwake.

Namba yangu bado mbali lakini foleni inasogea. Dada aliye mbele yangu, Keziah wa Busia, anasema wakikupa karatasi leo kesho unaenda kuweka vidole. Mwambie shangazi Magdaline nakuja. Valentine usimwambie mpaka nimepanda ndege. Na wewe, kafili wako akifungua hilo kabati, nitakuja mwenyewe kukupokea uwanjani, nikubebee mzigo, hata kama tumekosana.

Jambo moja silisahau, kaka. Ashley anadhani hiyo ya kusindikiza ni ya kutunga kama zile zingine. Iko mwisho kabisa wa kitabu chake, na watu wa Amerika watasoma na kulia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kuwa hiyo moja ni ya kweli. Sikumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Selipher